Miji ya Mwambao wa Tanganyika: Kuta Zilianguka, Adhana Ikabaki

 

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu waliojaaliwa uwezo wa kusafiri hadi kusini mwa Hispania, nchi ambayo vitabu vyetu vinaiita Andalus. Huko mwambaoni iko miji inayompendeza mgeni. Uko Almuñécar, ambao Waarabu waliuita al-Munakkab, alikotua Abdul-Rahman ad-Dakhil mwaka 755 baada ya kuwakimbia waliowaua jamaa zake wa Bani Umayya. Uko Almería, uliojengwa kwa amri ya Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu mwaka 955. Na uko Málaga, ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1350 akausifu kwa matunda yake na kwa vyombo vyake vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Huyu ndiye yule yule aliyeifikia Kilwa yetu mwaka 1331 akaisifu nayo.

Ngome ya Málaga ingali imesimama juu ya kilima. Lakini mwaka 1487, baada ya kuzingirwa kwa miezi, mji ule ulisalimu amri, na wengi wa watu wake Waislamu wakauzwa utumwani, waume kwa wake, wazee kwa watoto. Mwaka 1492 ikaanguka Granada, na kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa waliokuwa wamesalia, ingawa walikwisha kulazimishwa kubatizwa. Kuta zikabaki, adhana ikanyamaza kwa karne nyingi. Muislamu anayefika pale hulia, na haki yake kulia.

Nami nauliza: mwambao wetu wenyewe tumeutembelea kwa jicho hilo? Tunaoishi Mwandiga tunapanda gari asubuhi kwenda Kigoma na Ujiji kuuza na kununua, tunarudi jioni, wala hatujui tumekanyaga nini. Qur'ani imetuamrisha, si mahali pamoja tu, tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Amri hiyo haikuhusishwa na nchi za ng'ambo.

UJIJI

Katika miji yote ya ziwa hili, Ujiji ndio wa kuanzia. Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Biashara ilikuwa ya pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu, ng'ombe na nguo. Sokoni palitumika ushanga ulioitwa sofi mahali pa fedha. Na iliuzwa bidhaa nyingine, ambayo haikustahili kuitwa bidhaa: mwanadamu.

Mji uliongozwa na Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, ambaye miaka ya mwanzo ya 1880 alitambuliwa kuwa mwakilishi wa Sayyid Barghash wa Zanzibar. Alipofariki mwaka 1885 uongozi ukashikwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Nguvu zake zikavunjwa mwaka 1894 katika vita vya Kongo, na mwaka 1896 Wajerumani wakaweka kituo chao Ujiji.

Leo mgeni hatakuta ngome wala kasri. Nyumba za wakubwa zilikuwa za udongo, na udongo umerudi udongoni. Hata ufuko wa wakati ule haupo, kwani mwaka 1878 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake na maji ya ziwa yakashuka kwa miaka mingi, ikabaki nchi kavu palipokuwa na bandari. Atakachoonyeshwa mgeni ni makumbusho na jiwe chini ya miembe, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871.

Ndugu zangu, msilipite jiwe lile kwa kudhani kwamba halituhusu. Livingstone aliingia Ujiji akitoka Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, ambako Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani, wakiwamiminia risasi watu wa soko. Waliuawa mamia, wengi wao wanawake. Alipofika Ujiji akakuta bidhaa zake zote zimeuzwa. Ameandika katika shajara yake kwamba aliyekabidhiwa alidai ameagua kwa Qur'ani na kuona kuwa mwenye mali amekufa. Angalieni: amana imeliwa, na Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimefanywa ramli ili kuihalalisha! Lakini shajara hiyo hiyo inaeleza kwamba siku chache baadaye alimjia Muislamu mwingine wa Ujiji, Said bin Majid, akamwomba kwa upole amruhusu auze pembe zake mwenyewe ili ampatie bidhaa, maana alimwona hana kitu.

Katika mji mmoja na wiki moja walikuwepo Waislamu wawili. Mmoja aliivunja dini huku ameshika Msahafu, na wa pili aliitekeleza pasipo kuitaja. Mwenye kuzuru Ujiji na asiwataje wote wawili hajasema kweli.

NI NANI ALIYEIBAKISHA DINI?

Hapa ndipo penye mazingatio makubwa. Matajiri wa misafara waliondoka. Rumaliza alishindwa akakimbia. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, bwana wa Kasongo, alirejea Zanzibar akafia huko mwaka 1905. Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878 na Mapadri Weupe mwaka 1879, lakini vituo vyao vikubwa vikaja kujengwa kwingine. Nayo Serikali ya Kijerumani, kisha ya Kiingereza, haikuwa ya Kiislamu. Kwa hesabu ya kibinadamu, Uislamu wa Ujiji ulipaswa kwisha pamoja na biashara ya pembe.

Haukwisha, kwa sababu ulikwisha kuingia nyoyoni mwa watu wa chini: wapagazi, wapiga makasia, wakulima, mayaya na watumwa. Wengi wao walikuwa Wamanyema waliotolewa mashariki ya Kongo, wengine wakiwa wamefungwa minyororo, pamoja na Wajiji, Wabwari, Wabembe na Waholoholo. Wafuasi wa misafara walijiita waungwana, hali wengi wao kisheria walikuwa watumwa. Mtu anaweza kulicheka jina hilo. Mimi naliona kuwa ni madai: walisikia katika dini hii kwamba wote ni watoto wa Adam, nao wakaidai haki yao kabla mabwana hawajawapa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa huko kisheria mwaka 1897, na Tanganyika utumwa ukakomeshwa kisheria mwaka 1922. Lakini watu hawa walikuwa wamekwisha kuwa maimamu, walimu wa vyuo na waadhini. Mfano ulio wazi ni Sheikh Yahya bin Abdullah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alikuwa mtoto wa Kimanyema aliyefikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni mkubwa wa mji ule na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa anafuatwa na watu kutoka mbali, wakiwemo wajukuu wa waungwana.

Kwa hiyo mambo ya Málaga yamegeuzwa hapa kwetu. Kule kuta zilibaki na adhana ikanyamaza. Hapa kuta zilianguka na adhana ikabaki. Na hapa sharti tujiulize swali zito: ikiwa tunawalilia watu wa Málaga waliouzwa mwaka 1487, tutawanyamazia vipi watu wa Manyema waliouzwa na wenzetu katika dini? Imam Bukhari amepokea Hadithi ya kwamba mtu aliyemuuza muungwana na kula thamani yake atakuwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama. Na mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu alikwisha kuandika mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba weusi wa mtu si sababu ya kumtia utumwani. Mashambulizi ya kuvizia vijiji, kama ya Nyangwe, hayakuwa jihadi kwa kipimo chochote cha fiqhi. Yalikuwa dhulma, na dhulma haisafishwi kwa jina la aliyeifanya.

KIGOMA NA MWANDIGA

Kutoka Ujiji hadi Kigoma ni mwendo mfupi. Kigoma ulikua kwa sababu ya reli kutoka Dar es Salaam, iliyofika Februari 1914, na kwa kina cha ghuba yake. Stesheni waliyoijenga Wajerumani inapendeza kuitazama kutoka ziwani. Ndipo ilipounganishwa meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku. Ilishushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Imewasafirisha wazee wetu kwa miongo mingi, wenye biashara, wenye misiba na wenye kutafuta elimu.

Mwandiga yetu haina makumbusho wala ngome. Ina soko, michikichi, na barabara ipandayo Manyovu hadi mpaka wa Burundi. Mgeni asiidharau. Milimani Uislamu haukupanda kwa bunduki za misafara. Ulipanda pamoja na muuza chumvi, muuza dagaa, na mwalimu aliyebeba ubao na juzuu chini ya kwapa.

Aliye na nafasi zaidi na avuke hadi Rumonge, mji wa bandari na mawese upande wa Burundi, kisha aendelee hadi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Huko atakuta maulidi, vyuo na majina ya koo yale yale ya Ujiji. Mipaka waliichora wengine. Ujamaa ulitangulia.

MAS'ALA MATATU

La kwanza: Je, safari ya namna hii inakatazwa na Hadithi isemayo kwamba safari haifungwi ila kwa misikiti mitatu? Maulamaa wengi wameeleza kwamba Hadithi hiyo inahusu kuikusudia misikiti kwa fadhila ya kuswali ndani yake. Safari ya biashara, elimu, kuunga udugu na kuzingatia haimo. Basi asahihishe nia.

La pili: Atokaye Mwandiga kwenda Ujiji hapunguzi Swala, kwani masafa hayatoshi. Aendaye Rumonge hupunguza, kwa kuwa amezidi marhala mbili, takriban kilomita 80 na ushei katika madhehebu ya Imam Shafi'i. Melini ataswali faradhi amesimama akiweza, na akichelea kuanguka au kizunguzungu ataswali ameketi.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Bado katika miji yetu hii kijana mwema, mwenye dini, huja kuposa, na kabla baba hajajibu hunong'onezwa: "Huyo asili yake mtumwa." Posa inarudishwa. Na kwa hofu ya mnong'ono huo, wazee wengi wameificha historia ya mababu zao hata kwa watoto wao, na wamekufa nayo.

Ni kweli kwamba vitabu vya fiqhi vimezungumzia kufu. Lakini kwa Mashafi'i kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake, nao wanaweza kuisamehe. Si sharti la kusihi kwa ndoa. Na Mtume (s.a.w.) alimshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa. Akaolewa, na akaona kheri. Tena, tukiwatoa waliokuwa watumwa katika elimu yetu, tutabaki na nini? Nafi' aliyepokea Hadithi kutoka kwa Ibn Umar, na Malik akapokea kwake, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyekuwa mufti wa Makka, naye alitokana na mawali. Anayeona aibu ya babu Mmanyema aliyeletwa na mnyororo akaswali, ajue kwamba aibu ni ya aliyeushika mnyororo ule.

Basi ewe imamu, na ewe mwanafunzi, ukizuru Ujiji usiishie kwenye jiwe. Ingia msikitini uswali rakaa mbili. Pita makaburini uwaombee dua wanaojulikana na wasiojulikana. Kaa na mzee, muulize babu yake alitoka wapi, na uandike anachokwambia kama alivyokisema. Ukiona karatasi kuukuu ya wakfu au ya nasaba, isaidie isiliwe na mchwa. Hatuna kuta za kuonyesha watalii. Hazina yetu ni vifua vya wazee, na kila jeneza linalobebwa linaondoka na kipande chake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa katika njia ile, awalipe wema waliotufikishia dini hii, na atuepushe sisi na kurithi dhulma ya waliodhulumu. Wallahu a'lam.