Hongo na Tele kwa Tele: Safari ya Fedha za Bima ya Afya Mkoani Tabora

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, kuna kauli inayorudiwa semina baada ya semina: wananchi wa vijijini hawajiungi kwa sababu hawana uelewa wa bima, hivyo wapewe elimu. Makala hii inaipinga kauli hiyo, na shahidi wake mkuu ni Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Huko ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulikoanza kwa majaribio mwaka 1996, miaka mitano kabla ya Bunge kuutungia sheria.

Kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali iliahidi kuongeza kiasi hichohicho. Utaratibu huo uliitwa tele kwa tele. Mkulima wa pamba anayejua bei ya kilo na makato ya chama chake cha msingi hahitaji semina ili aelewe maneno hayo matatu.

Kwamba kadi ya CHF ilikuwa na faida, hakuna ubishi mkubwa. Msuya, Jütting na Asfaw (2004), walioichunguza Igunga, walionyesha kuwa wanachama walikingika zaidi na athari za maradhi kuliko wasio wanachama, na kwamba kipato kiliamua kwa kiasi kikubwa nani ajiunge. Ubishi unaanza tunapouliza kwa nini wengi hawakujiunga, au walijiunga wasihuishe kadi zao. Kamuzora na Gilson (2007) walitaja kushindwa kulipa, huduma duni, kutowaamini wasimamizi wa mfuko na kutoona mantiki ya kujiunga. Watetezi wa elimu wameshika hiyo sababu ya mwisho na kuziacha tatu za mwanzo, kana kwamba mtu anaweza kuiona mantiki ya mfuko huku rafu za dawa zikiwa tupu.

Tuifuate shilingi yenyewe. Katika mfumo wa awali mchango ulipokelewa zahanati, ukapelekwa kwenye akaunti ya wilaya, ukasubiri mpango na idhini ya bodi ya afya ya halmashauri, ndipo urudi kijijini ukiwa dawa au ukarabati. Mwanachama aliiona safari ya kwenda tu, kwa stakabadhi aliyopewa. Ya kurudi hakuwa na pa kuiona. Tele kwa tele nayo ililipwa ngazi za juu zaidi, na tangu 2009 ikapitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliokabidhiwa usimamizi wa CHF. Katika NHIF yenyewe, mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye huongeza asilimia 3, na hakuna anayemuuliza kila Januari kama bado ameridhika. Mwanachama wa CHF huulizwa kila mwaka. Kadi isiyohuishwa, kwa maoni yangu, ni hati ya ukaguzi iliyoandikwa na asiye mhasibu.

Njia ya kuja mkoa huu ina historia ya swali hili la mlipaji kuona alicholipia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, ililipa hongo, yaani ada ya kupita, kwa watemi wa Ugogo, Dodoma ya leo, kwa nguo, shanga na waya. Wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley walilalamika mno, lakini wenye nchi walikuwa na hoja: msafara ulikunywa maji ya visima vyao katika nchi kavu. Aliyelipa alikiona kisima. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Sitaki kulivuta neno kupita uwezo wake, ila tozo isiyo na kisima hulikaribia.

Wapo watakaopinga wakisema tatizo ni umaskini. Kwa kiasi, kweli: 5,000 ya msimu wa mauzo si 5,000 ya masika, na CHF iliyoboreshwa ya 2018 ilidai 30,000 kwa kaya ya watu sita, ingawa kadi yake ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Lakini umaskini hauelezi kwa nini mtu aliyelipa mwaka jana, na akavuna vizuri mwaka huu, asirudi.

Tangu 2017/18 vituo vya afya na zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, kwa hiyo hesabu ya kubandika ipo. Igunga ingefaa tena kwa majaribio: nusu ya zahanati zibandike ukutani kila mwezi kiasi kilichoingia na dawa zilizonunuliwa, nusu zisibandike, kisha kadi zilizohuishwa zihesabiwe baada ya misimu miwili ya pamba.