Maziwa ya Mbuzi na Nadhiri ya Gandhi

Mwaka 1912, katika shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, Mohandas Gandhi na rafiki yake Hermann Kallenbach waliacha maziwa. Nyama Gandhi hakuwa akila. Lakini aliona kwamba maziwa nayo hutoka katika mwili wa mnyama na huamsha tamaa. Tena alikuwa amesoma habari za mateso waliyofanyiwa ng'ombe huko Calcutta ili wakamuliwe hadi tone la mwisho.

Mwaka 1918, akiwa amekwisha kurudi India, alipatwa na ugonjwa wa kuhara damu, akadhoofika mno. Daktari alimwambia kuwa pasipo maziwa nguvu hazitarudi. Mgonjwa akataja nadhiri yake. Ndipo mkewe, Kasturba, aliposema kwamba nadhiri hiyo haikuhusu maziwa ya mbuzi. Hoja hiyo ilikuwa ya muuguzi kuliko ya mwanasheria. Na ajabu ni kuwa mwanasheria ndiye aliyeikubali.

Gandhi hakujificha nyuma ya neno. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kuwa, alipoweka nadhiri, aliwaza ng'ombe na nyati tu, lakini maana yake iliwahusu wanyama wote: alishika maneno, akaua roho yake. Hata hivyo aliendelea kuyanywa.

Uingereza, chama cha wala mboga kilichoundwa mwaka 1847 kiliruhusu maziwa. Mwezi Novemba 1944 Donald Watson na wenzake wachache waliunda chama chao, wakayakataa yote, ya mbuzi yakiwamo.