Habari za Kurudisha Pumzi: Kutoka Karema hata Haydom

Katika mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, imo hospitali ya misheni yenye jina la mtu asiyezaliwa Ufipa wala Tanganyika. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi za Mto Niger, akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akakombolewa na mapadre wa White Fathers waliokuwa Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Miaka 67 ni umri mzima wa mtu. Kwa sehemu kubwa ya muda huo mgonjwa wa pwani ile ya ziwa aliyetaka dawa za Kizungu hakuwa na tabibu mwingine wa kumwendea. Sifa ya Atiman yaeleweka, wala haina haja ya kupambwa. Lakini ndani yake mna udhaifu wa utabibu wa zamani ulivyokuwa kila mahali, yaani elimu yote kukaa katika mikono miwili ya mtu mmoja. Miaka minne baada ya kifo chake, maarifa mapya yalitangazwa ambayo mtu mmoja huyaanza tu, wala hawezi kuyaendesha kitambo kirefu bila ya wenziwe.

Upya wake hata hivyo ulikuwa nusu. Mwaka 1732 tabibu mmoja wa Uskoti, William Tossach, alimpulizia pumzi kinywani mchimbaji wa makaa aliyezimia kwa moshi wa shimoni, akapona. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam waliunda chama cha kuokoa waliozama majini, na punde si punde waokoaji wa Ulaya wakaanza kutumia mivukuto kama ile ya kuchochea moto. Mfua chuma wa Kifipa asingaliona ajabu. Yeye naye alijua kuwa tanuri refu, ilungu, lilijivutia hewa lenyewe, na kwamba tanuri dogo la kusafishia chuma halikuwaka bila ya mivukuto na watu wa kupokezana. Ujuzi huo wa ilungu ulikufa katika karne ya 20, kwa sababu haukutendwa tena.

Ujuzi wa kukanda moyo nao ulikufa vivyo hivyo, kisha ukazaliwa mara ya pili. Friedrich Maass wa Göttingen alikwisha kueleza mwaka 1892 jinsi moyo uliosimama unavyoweza kusukumwa kwa kubonyeza kifua, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Katika miaka ya 1950 James Elam na Peter Safar walithibitisha Marekani kuwa pumzi ya mwokoaji yatosha kumweka hai asiyepumua. Mwaka 1960, mjini Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walitoa habari za wagonjwa 20 waliokandwa vifua, na 14 kati yao wakaishi. Kouwenhoven hakuwa tabibu bali mhandisi wa umeme. Mwaka huohuo Asmund Laerdal, mtengeneza vitu vya watoto wa Stavanger, Norwei, alitoa sanamu ya mtu mzima ya kujifunzia.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko isimuliwavyo. Kifua hubonyezwa mara 100 hata 120 kwa dakika, pumzi mbili kwa kila mabonyezo 30. Dakika mbili zikipita mkono umechoka na mabonyezo yamepungua kina, ijapokuwa mwenyewe hahisi. Kwa hiyo wa pili lazima awe tayari, wa tatu ashike pumzi, wa nne dawa, na mmoja atazame saa na kuamuru. Watu wanne wenye elimu wasiopata kufanya zoezi pamoja hugongana.

Tanzania ilionyesha jambo hili kwa watoto wachanga, ambao aghalabu kilichosimama kwao ni pumzi, si moyo. Tangu mwaka 2009 hospitali nane zilijaribu mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, kwa mfuko wa hewa na mwanasesere, katika ile dakika ya kwanza iitwayo ya dhahabu. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 13.4 hata 7.1 kwa kila watoto 1,000. Lakini Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo Mbulu, ilitoa habari yenye uchungu na faida zaidi. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wakunga walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, na mbele ya mtoto hasa wakafanya kama zamani. Cheti kilipatikana, mkono haukubadilika. Ndipo tangu mwaka 2011 yakaanzishwa mazoezi ya dakika chache kila wiki, wawiliwawili, humohumo wodini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vikashuka kutoka 11.1 hata 7.2.

Kwa Ufipa hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Kutoka Sumbawanga hata Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na lami ya kwenda Tunduma imefika katika miaka ya 2010 tu. Lami hupunguza saa. Asiyepumua ana dakika. Mtoto azaliwaye kimya usiku bondeni Rukwa atasaidiwa na wale wawili walio zamu, kwa mfuko ulio mezani, na kwa kadiri walivyofanya zoezi wiki iliyopita.