Mganda: Kwata Bila Bunduki

Ndugu msikilizaji, wako wenzetu mijini wanaoamini kwamba ngoma ya asili ni lazima iwe na manyoya, ngozi na njuga. Wakifika Mbinga, au wakiteremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, wakakuta wanaume wamejipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, wanatembea kwa amri ya filimbi, huguna na kusema: "Hii si ngoma, hawa wanamwiga Mzungu." Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma. Wiki hii nataka tuijibu, kwa sababu mganda una historia ndefu kuliko vyama vyetu vyote vya siasa, na ndani ya historia hiyo kuna jambo tunaloelekea kulipoteza huku tukilipigia makofi.

Kwa asiyewahi kuuona, mganda ni ngoma ya wanaume. Kuna ngoma kubwa ambayo mlio wake husikika vilima viwili mbali. Kuna vibuyu vilivyokaushwa na kutobolewa, na kwenye tundu moja huwekwa utando mwembamba, mara nyingi ule wa nyumba ya buibui. Mchezaji haimbi tu, bali huimba ndani ya kibuyu, na sauti yake hutoka ikivuma kama tarumbeta. Wachezaji ishirini au thelathini wakivumisha vibuyu kwa pamoja huku miguu ikikanyaga kwa hatua moja, mtu aliye mbali hudhani bendi ya jeshi imeingia kijijini. Wanawake nao wana ngoma yao ya mistari, kioda, yenye nidhamu ileile.

Sasa tujiulize, kwata hili lilitoka wapi?

Watu wa Ruvuma hawakulifahamu gwaride kwenye sherehe. Walilifahamu kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Songea, jeshi la Wajerumani liliingia na ngoma zake, tarumbeta zake na askari wake waliokanyaga kwa hatua moja. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, na kumbukumbu yao iko pale hadi leo. Kisha ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Kabla majeraha hayo hayajapona, ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wetu hatujui kwamba miongoni mwa milio ya kwanza ya mizinga katika vita hiyo upande huu wa Afrika ulisikika katika ghuba ya Liuli. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo. Wajerumani walikuwa wakipaita mahali pale Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa lililosimama majini, ambalo wenyeji wanaliita Pomonda. Wavuvi waliokuwa ziwani siku ile hawakuwa na ugomvi na upande wowote, lakini gharama ya vita waliilipa wao. Kwa miaka minne vijana wa pande zote mbili za ziwa walichukuliwa kuwa askari, na wengi zaidi kuwa wapagazi. Walibeba risasi, mahindi na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Msikilizaji wa Dar es Salaam, unaposhuka kwenye basi Kariakoo, jina unalolitamka ni la watu hao. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi Carrier Corps, ulimi wetu ukalifanya Kariakoo. Jiji liliwakumbuka wapagazi kwa jina la soko. Mwambao wa Nyasa uliwakumbuka kwa ngoma.

Nasema hivyo nikiwa na sababu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kwenye miji ya pwani ya Kenya kama Mombasa na Lamu, vijana walikuwa wameanza kucheza ngoma iliyoitwa beni, jina linalotokana na bendi. Walikuwa na ngoma, tarumbeta, sare na vyeo, wakagawanyika katika vyama vinavyoshindana. Kwetu vyama mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Profesa Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima kuhusu beni kilichochapishwa mwaka 1975, na alionyesha jambo ambalo wakubwa wa kikoloni walichelewa kulielewa. Vyama hivi havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua ugenini walimwangalia, na akifa walimzika. Mgeni akifika mjini bila ndugu, chama kilikuwa ndugu yake. Ndiyo maana serikali ya Kiingereza ilivitazama kwa jicho la mashaka. Watu wanaojua kujipanga mistari bila kuamriwa na bwana mkubwa wanaweza kesho kujipanga kwa jambo jingine.

Vita ilipokwisha mwaka 1918, askari na wapagazi walirudi makwao na miguu yao ikiwa imezoea kwata. Kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi ya leo na upande wetu, likazuka zao jipya la ngoma hizi: wengine wakaliita malipenga, wengine mganda. Ziwa halikuwa mpaka. Mitumbwi na meli za misheni zilipita kati ya kisiwa cha Likoma na vijiji vya mwambao wetu, na pamoja na vitabu vya sala na chumvi zilibeba pia nyimbo. Kutoka kwa Wanyasa wa ufukoni mganda ukapanda milima hadi kwa Wamatengo, ukakaa kule kana kwamba ulizaliwa kule.

Sasa tazama walichokifanya wazee hawa. Bunduki waliiacha huko vitani. Tarumbeta la shaba hawakuwa na fedha ya kulinunua, wakatazama shambani wakaona kibuyu. Afande wa kigeni wakamwondoa, wakamweka mwenzao waliyemchagua wenyewe. Vyeo wakavibakiza, lakini cheo cha mganda hakimpi mtu uwezo wa kumpiga mwenzake kiboko. Humpa kazi ya kuhakikisha wageni wamekula na wachezaji wamefika kwa wakati. Jambo lililokuwa limetumika kuwaswaga watu kama ng'ombe, waliligeuza likawa la kuwakusanya. Je, huko ni kumwiga Mzungu? Kama ni kuiga, basi ni kule kwa mtu aliyenyang'anya fimbo iliyokuwa ikimpiga, akaifanya mkongojo wa kutembelea.

Wala si sisi peke yetu. Vita ileile ya 1914 hadi 1918 iliwarudisha makwao askari wa Marekani, na vyama vyao vya wastaafu wa jeshi vikaanzisha vikundi vya ngoma na tarumbeta kwa ajili ya vijana wa mitaani. Mwaka 1971 ukaundwa umoja wao wa mashindano, na hadi leo vijana hao hujifungia kwa mazoezi, halafu, kabla ya kuanza safari za msimu wao wa joto, huwaonyesha wazazi na majirani mchezo wao mpya. Hakuna Mmarekani anayesimama uwanjani akasema vijana wale wanamwiga mtu. Anasema ni utamaduni wetu. Lakini wa Liuli na Mbinga, waliotokana na vita ileile, tunawaita waigaji.

Nililitambua hilo vizuri nilipokuwa katika kijiji kimoja kati ya Liuli na Mbamba Bay, mwanzoni mwa kiangazi, mavuno yakiwa yameingia ndani. Kikundi cha pale kilikuwa kinawaonyesha wanakijiji wenzao mchezo wake mpya kabla ya kuupeleka kwa majirani. Sare nyeupe hazikutolewa sandukuni. Vijana walikuwa na kandambili, wengine pekupeku, na mmoja alikuja na harufu ya dagaa kwa kuwa alitoka ziwani moja kwa moja. Ngoma kubwa ilioteshwa moto wa nyasi hadi ngozi ikakaza. Filimbi ikalia, mistari minne ikasogea, ikapishana kama nyuzi za mkeka, ikageuka.

Wanakijiji hawakupiga makofi. Walikuwa wamekuja kukagua. Mama mmoja alisema wazi kwamba maneno ya wimbo wa pili hayasikiki. Mzee mmoja, aliyekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, aliinua fimbo yake, na kila kitu kikasimama. "Wajukuu zangu," akasema, "mstari wa nyuma mnacheza kama watu wanaodaiwa. Rudieni." Wakarudia. Akainua tena fimbo. Wakarudia mara ya tatu. Kiongozi wa mchezo, kijana mwenye nguvu za kuvuta nyavu peke yake, alijibu tu, "Ndiyo, babu," akapuliza filimbi. Jua lilipozama nyuma ya milima ya ng'ambo, mzee hakuinua fimbo tena. Hakusifu. Aliuliza tu ni kijiji kipi kitawapokea, na nani atabeba unga.

Swali hilo la unga, msikilizaji, ndilo moyo wa mganda. Ngoma hii haikutengenezwa kwa ajili ya watazamaji waliokaa vitini. Ilitengenezwa ili kijiji kimwalike kijiji kingine, kimlishe, kimlaze, kishindane naye mchana kutwa, na mwaka unaofuata kialikwe nacho. Kwa hiyo inahitaji mavuno, akiba na watu wenye nafasi. Umatengo, nguvu hiyo kwa miaka mingi ilitoka kwenye mashamba ya ngolo na kwenye kahawa. Kahawa ikilipa, sare hununuliwa na wageni hula. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, baadaye vikarudishwa, kisha katikati ya miaka ya 1990 soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila misukosuko hiyo ilipopita, mkulima aliifikiria ada ya shule kwanza, na mwaliko wa ngoma ukasubiri. Mtafiti Stephen Hill, katika makala yake kuhusu mashindano ya ngoma Umatengo iliyochapishwa mwaka 2000, aliweka kwenye kichwa chake maneno mawili ya Kiswahili: mchezo umelala.

Mchezo uliolala haujafa. Lakini kuna namna ya kumwamsha aliyelala, na kuna namna ya kumbeba akiwa bado amelala ukasema anatembea. Siku hizi mganda huitwa kwenye mapokezi ya kiongozi, kwenye uzinduzi wa mradi, kwenye mikutano ya kampeni. Vijana huambiwa wana dakika kumi. Wanaingia, wanavumisha vibuyu, mgeni rasmi anatikisa kichwa, mshereheshaji anasema "asanteni sana", wanatoka. Hakuna aliyeshindana nao, hakuna aliyewalisha isipokuwa kwa soda, na hakuna mzee wa kuinua fimbo na kusema rudieni. Baada ya miaka michache, kijana atakayejua mganda wa dakika kumi tu atadhani huo ndio mganda wote.

Nina ombi, na si la fedha nyingi. Mbinga na Nyasa zimekuwa wilaya mbili tangu mwaka 2012. Zingeweza kufanya lile ambalo vijiji vilikuwa vikilifanya vyenyewe: baada ya mavuno, mlima ualike ziwa, na mwaka unaofuata ziwa lialike mlima, mashindano ya siku nzima, waamuzi wakiwa wazee wa mchezo wenyewe wala si mgeni rasmi. Maofisa utamaduni waandike majina ya mitindo na nyimbo wakati wanaozijua bado wapo. Shule ziwaite wazee hao mchana mmoja kwa wiki. Nasi wa vyombo vya habari tukienda kurekodi, tusikate wimbo katikati ili tuwahi taarifa ya habari.

Na wewe wa mjini, siku ukikutana na vijana wa kaptula nyeupe wanaotembea kwa hatua moja, usigune. Babu wa babu yao alilazimishwa kutembea hivyo akiwa na mzigo kichwani. Wao wanatembea hivyo kwa kupenda, na mzigo wautue wapi wanajua wenyewe.

Hadi wiki ijayo, kwa heri.