Theluji ya Machi mjini Davos: Alfajiri kioo, adhuhuri uji

WAKENYA wengi hulisikia jina la Davos mwezi wa Januari, marais, mawaziri na mabwanyenye wa dunia wanapokusanyika huko kujadili uchumi katika kongamano lililoanzishwa mwaka wa 1971. Wageni hao wakishaondoka, mji huo wa mashariki mwa Uswisi hurejelea shughuli iliyoupa sifa kabla ya kongamano hilo kuwazwa: kuwapokea watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji kwa skii.

Kati ya miezi yote ya msimu huo, Machi ndio wenye mitihani zaidi. Januari baridi ni kali na theluji haibadiliki sana tangu asubuhi hadi jioni. Machi, mteremko mmoja unaweza kuwa mgumu kama kioo saa mbili asubuhi, ukalainika vizuri kufikia saa nne, kisha ukageuka uji mtupu saa saba mchana. Asiyeielewa ratiba hiyo huweza kuumia goti. Asiyeiheshimu huweza kupoteza uhai.

Mji wenyewe uko mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, nacho kilele cha Weissfluhgipfel kinachoukabili kina mita 2,844. Kwa kuwa hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda, siku ya Machi yenye mvua mjini huwa siku ya theluji mpya kileleni. Anayeteremka kutoka huko hadi kijiji cha Küblis, kilicho mita 814 tu, hupitia takriban majira mawili ya mwaka katika safari moja ya zaidi ya kilomita 10: juu kabisa theluji kavu ya kipupwe, katikati iliyolowa, na chini, mara nyingi, matope na majani mabichi. Msimu ukiwa umesonga, wengi huvua skii na kumalizia kwa miguu, kisha hupanda garimoshi kurudi Davos.

Kiini cha mabadiliko haya ni vita vya kila siku baina ya jua na anga la usiku. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, kati ya asilimia 80 na 90, na ndiyo sababu miwani ya giza si urembo huko. Theluji iliyozeeka na kulowa hurudisha kidogo zaidi, hivyo hunyonya joto na kuyeyuka kwa kasi. Usiku usio na mawingu, mambo hugeuka. Uso wa theluji hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani, ukapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana theluji inaweza kuganda usiku hata kipimajoto kikionyesha digrii moja au mbili juu ya sufuri.

Ikiyeyuka mchana na kuganda usiku kwa siku kadhaa mfululizo, theluji hupoteza ile sura ya vinyota na kuwa punje za mviringo, mithili ya chumvi ya mawe. Wenyeji huiita kwa Kijerumani firn, na wapenzi wa skii huisubiri mwaka mzima. Asubuhi punje hizo huwa zimeshikamana kuwa gamba gumu linaloweza kumbeba mtu bila kuzama. Jua likilipiga, sentimita chache za juu hulegea huku chini kukisalia kugumu. Hapo skii huteleza kama kisu kwenye siagi, na hata anayejifunza hujiona bingwa.

Raha hiyo haidumu. Kwenye mteremko mmoja inaweza kuwa ya saa moja au mbili tu, na hujongea na jua. Miteremko inayotazama mashariki ndiyo ya kwanza kulainika, ikifuatwa na ya kusini, kisha ya magharibi alasiri. Ile ya kaskazini, isiyopigwa sana na jua, huweza kuhifadhi theluji kavu kwa majuma. Mjuzi huanza mashariki na kuhama pamoja na jua. Mgeni hung'ang'ania mteremko mmoja tangu asubuhi hadi jioni, akilalamika kwamba theluji ni mbaya. Mkanganyiko huzidi Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zinaposogezwa mbele kwa saa moja barani Ulaya: jua halina habari na jambo hilo, lakini lifti za kupandisha watu mlimani hufuata saa mpya.

Maarifa ya kuamka mapema ni ya kale. Machi 1894, mwandishi Arthur Conan Doyle, aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes, alivuka milima kutoka Davos hadi Arosa kwa skii akiongozwa na ndugu wawili wenyeji, Tobias na Johann Branger. Alikuwa Davos kwa sababu mkewe aliugua kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalidhaniwa kutulizwa na hewa ya milimani. Watatu hao waliondoka kabla ya mapambazuko. Doyle aliisimulia safari hiyo baadaye katika jarida la Strand, na akatabiri kwamba Waingereza wangemiminika Uswisi kwa ajili ya mchezo huo. Utabiri wake ulitimia.

Hatari kuu ya Machi ni maporomoko ya theluji iliyolowa. Majira yote ya baridi, theluji hujijenga tabaka juu ya tabaka, na baadhi ya tabaka hizo huwa dhaifu, punje zake zikiwa hazikushikamana. Maji ya kwanza ya majira ya kuchipua yakipenya hadi kwenye tabaka kama hilo, huvunja mshikamano mdogo uliokuwapo, na mlima huachilia mzigo wake. Theluji mpya na kavu yaweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo. Iliyolowa yaweza kupita kilo 400. Ikisimama, hukaza kama saruji. Mahali pengine, hasa kwenye miteremko ya nyasi, theluji yote huteleza polepole juu ya ardhi na kufungua nyufa pana ambazo wenyeji huziita midomo ya samaki. Ufa huo unaweza kukaa wazi majuma kadhaa au theluji ikaporomoka saa hiyo hiyo, na hakuna anayeweza kuitaja saa yenyewe. Kupita chini yake ni upumbavu.

Usiku wa mawingu ndio wa kuogopwa zaidi. Mawingu huzuia joto lisitoroke, theluji haigandi, na asubuhi inapofika mlima huwa umelegea tayari. Hali huwa kama hiyo unapovuma Föhn, upepo wa joto unaoshuka kutoka kusini mwa milima ya Alps na kuyeyusha theluji hata gizani. Alama ya kwanza iko miguuni: mtu akizama hadi magotini saa tatu asubuhi, siku imekwisha na anapaswa kurudi.

Davos ina bahati ya kuwa makao ya taasisi ya taifa ya utafiti wa theluji na maporomoko yake, SLF, ambayo wataalamu wake wamekuwa wakipima theluji huko Weissfluhjoch tangu 1936. Taasisi hiyo hutoa taarifa ya hatari saa kumi na moja jioni, na wakati wa kipupwe huitoa tena saa mbili asubuhi. Hutumia vipimo vitano vilivyokubaliwa Ulaya mwaka wa 1993. Majira ya kuchipua, taarifa huweza kutenganisha hatari ya theluji kavu na ile ya theluji iliyolowa, kwa kuwa kipimo cha asubuhi kinaweza kuwa cha kwanza na cha alasiri kikawa cha tatu. Wengi hutishwa na nambari nne na tano, ilhali takriban nusu ya vifo nchini Uswisi hutokea siku za nambari tatu. Nambari hiyo huwaacha watu na matumaini ya kutosha kuwatoa nyumbani.

Ndani ya njia zilizowekewa alama, walinzi wa mlima hulipua theluji hatari kwa baruti kabla ya wageni kuruhusiwa, au huifunga njia alasiri. Nje ya njia hizo kila mtu hujitegemea. Anayetoka humo hubeba kifaa cha mawimbi ya redio kinachoonyesha alipofukiwa, fimbo ndefu ya kupimia na koleo. Hutembea na wenzake, maana aliyefukiwa hana nafasi nzuri ya kupona baada ya dakika 10 hivi za kwanza, na helikopta ni nadra kufika kabla ya muda huo.

Theluji iliyolowa ina kero nyingine ndogo: maji kati ya skii na theluji hunyonya na kuvuta, mithili ya gilasi mbili zilizolowa zinapogandamana. Ndiyo maana skii hupakwa nta laini siku za joto na ngumu siku za baridi. Nta zenye florini, zilizosifika kwa kufukuza maji, zilipigwa marufuku na shirikisho la kimataifa la mchezo huo kuanzia msimu wa 2023/24 kutokana na madhara yake kwa mazingira na afya.

Kenya iliionja kero hiyo Februari 1998 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 mvua ikiwa imeilowesha theluji. Alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyemsubiri kwenye utepe na kumkumbatia. Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi.

Afrika hufika Alps kwa njia nyingine pia. Machi 2022, upepo ulibeba vumbi la Sahara na kulimwaga juu ya milima hiyo, theluji ikageuka rangi ya udongo mwekundu. Theluji iliyochafuka hivyo hunyonya jua zaidi na huyeyuka mapema.

Huko Weissfluhjoch, hata hivyo, fimbo ya kupimia kwa kawaida huonyesha kina kikubwa zaidi karibu na Aprili. Wakati huo maua yanachipua bondeni na watalii wengi wamekwisha kurejea makwao, lifti zikisimamishwa muda mfupi baada ya Pasaka. Theluji ya juu hubaki ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, hadi Juni au Julai.