Nani Ameshika Swichi?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili naomba tuziache siasa za mjini, twende tukakae kidogo barazani kwetu Maramba. Ukitoka Tanga mjini kwa njia ya Horohoro unafika Mabokweni, unaiacha barabara ya Mombasa, unashika njia inayoelekea milima ya Usambara Mashariki. Huko ndiko aliko mama yangu, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, na nyumba hiyo hivi sasa inakarabatiwa.

Ukarabati huo umeletwa na usiku mmoja. Mwaka jana mama aliamka kwenda msalani, akapapasa ukuta akitafuta swichi, akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka. Swichi ya ukumbi ilikuwa upande wa pili kabisa, karibu na mlango wa mbele, mahali ambapo fundi wa siku zile aliona ni rahisi kwake kuiweka. Nyonga ilinusurika, Alhamdulillahi, lakini mkono ulifungwa plasta kwa wiki sita. Wanawe tukaitana.

Mdogo wangu, ambaye anaishi Dar es Salaam na ni mpenzi mkubwa wa vitu vipya, alikuja na jibu lake mfukoni. Nyumba nzima, alisema, iwekwe taa zenye akili. Taa zitawashwa na kuzimwa kwa simu. Sisi tulioko mbali tutaona kama ya chumbani kwa mama inawaka, na akisahau kuizima tutaizima tukiwa Dar es Salaam. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, na mimi nikitaka kuiwasha, nimpigie nani simu?"

Tulicheka sote, hata mdogo wangu. Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Nilipolipeleka kwenye historia ya taa katika pwani yetu, niligundua kwamba ni la zamani kuliko umeme wenyewe. Kila nuru mpya iliyoingia huku imekuja na swali hilo hilo: imepangwa kwa ajili ya nani, na nani ameshika swichi?

Tuanze na wazee wetu waliojenga majumba ya mawe. Hawa hawakungoja nyumba iishe ndipo waulize taa ikae wapi. Ukiyatembelea magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, utaviona vidaka vidogo vilivyoachwa ukutani. Humo ndimo ilimokaa taa ya mafuta. Katika majumba ya Lamu vidaka viliongezeka hadi kuujaza ukuta mzima, vikabeba vyombo vya kaure na mapambo. Kidaka hakipachikwi baada ya chokaa kukauka. Mwashi alipaswa kujua mapema mwenye nyumba atakaa wapi, ataingilia wapi, na usiku atahitaji kuona nini. Hiyo ndiyo mipango ya taa, nayo ilifanyika karne kadhaa kabla ya waya wa kwanza kufika.

Kwa sisi tusiokuwa na majumba ya mawe, taa ilitembea na mtu. Mimi nimekulia kwenye koroboi, kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, likapitishwa utambi wa kitambaa na kutiwa mafuta ya taa. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Chemli iliwashwa wakija wageni, na karabai ilitoka siku ya maulidi au harusi, ikivuma kama nyuki huku watoto tumeizunguka. Zilikuwa taa za moshi na za hatari, na nyumba nyingi za makuti ziliteketea kwa ajili yake. Sizitamani zirudi. Ila zilikuwa na jambo moja: aliyeishika taa ndiye aliyeamua nuru iende wapi. Mama alipokwenda msalani usiku, nuru ilikwenda naye.

Umeme ulikuja kwa mlango mwingine. Unguja uliingia ikulu kwanza. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wakaliita nyumba ya maajabu. Bara, Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao wenyewe. Mwafrika aliuona umeme kama alivyoiona meli baharini: akiwa ufukweni.

Kwetu Tanga aliyeuleta umeme ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakatanda mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Mashine za kusaga mkonge, zile ziitwazo korona, zilitaka nguvu nyingi. Mwaka 1931 ikaundwa kampuni ya TANESCO, na mwaka uliofuata kampuni ya East African Power and Lighting, yenye makao Nairobi, ikachukua hisa za kuitawala. Katikati ya miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yakaanza kuzalisha umeme, na wateja wakubwa waliolengwa walikuwa mashamba ya mkonge.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Maji ni ya mto wetu, mkonge umekatwa kwa mikono yetu, lakini mchoro wa umeme ulichorwa kwa ajili ya kiwanda. Marehemu baba alikuwa karani wa shamba. Alipenda kutusimulia kwamba mchana alikuwa akiandika hesabu chini ya glopu ya ofisi, na jioni alitusahihishia hesabu zetu kwa koroboi. Hakulalamika alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa anaeleza tu nyaya zilivyopita.

Uhuru ulibadili wenye mali. Mwaka 1964 kampuni ile ya Nairobi iliiuzia serikali yetu hisa zake za TANESCO, na mwaka huo huo kituo cha Hale kikaanza kuzalisha megawati 21 kwa maji yale yale ya Pangani. Mwaka 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68. Hata hivyo waya ulichelewa kushuka vijijini. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, wakala wake, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na baadaye bei ya kumuunganisha mwanakijiji ikashushwa hadi shilingi 27,000. Hapo ndipo akina mama wengi walipoiweka koroboi uvunguni.

Lakini waya ulipoingia ndani, kile kipaji cha mwashi wa vidaka hakikuingia nao. Nyumba zetu nyingi zilijengwa kwanza, zikapigwa lipu na kupakwa rangi, ndipo akaitwa fundi umeme. Fundi naye akafanya lililo rahisi: glopu moja katikati ya dari, swichi moja pembeni ya mlango, soketi moja inayolishwa na ekstensheni tatu. Swichi iliyomwangusha mama haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inafanya kazi. Ila haikupangwa kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye hizi taa zenye akili. Ndoto ya nyumba inayojiendesha si mpya. Mwaka 1966 mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, Jim Sutherland, alijiundia nyumbani kwake Marekani kompyuta aliyoiita ECHO IV, kubwa kama kabati, ikiwa na kazi kama kurekebisha joto la nyumba. Mwaka 1975 kampuni moja ya Scotland ikabuni X10, ufundi wa kupeleka amri kwenye taa kupitia nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Mwaka 2012 kampuni ya Philips ikatoa balbu za Hue zinazopokea amri ya simu. Leo vitu vya namna hiyo vinauzwa hata Kariakoo.

Faida yake ipo, na sitaki kumnyima mdogo wangu haki yake. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa nuru karibu sawa na ile glopu ya zamani ya wati 60. Iwashe kila mojawapo saa tano kwa siku: ya zamani inakula uniti 9 kwa mwezi, hii haifiki hata uniti moja na nusu. Kwa mama anayenunua LUKU kwa hesabu, hilo si jambo dogo.

Ila ipo habari nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, kilichouzwa Marekani kwa ajili ya kuongoza taa na milango ya nyumba. Kampuni ya Nest ikainunua kampuni iliyokiunda mwaka 2014, na mwezi Mei mwaka 2016 ikaizima mitambo yake. Watu walioweka kifaa kile nyumbani wakabaki na kopo lisilofanya kitu. Ukuta wao, umeme wao, balbu zao. Lakini swichi yenyewe ilikuwa ofisini kwa watu. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba na glopu yake ya ofisini.

Basi tulifanyaje Maramba? Kwanza tuliangalia nyumba, si taa. Sote tunakumbuka kwamba tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lile lile la maajabu, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo paa na nyufa vilitangulia. Kisha kabla fundi hajashika patasi, tulimwomba mama atembee. Alitembea tangu kitandani hadi msalani, hadi jikoni, hadi mlangoni, na mimi nikimfuata na chaki. Kila alipopeleka mkono ukutani, nikaweka alama. Alama zile ndizo zilizokuwa mchoro wetu.

Fundi, mwenye leseni ya EWURA, alipofungua swichi za zamani alitikisa kichwa. Ziliteremshiwa nyaya mbili tu: waya wa moto unaoingia, na ule unaokwenda kwenye taa. Nyutro ilibaki darini. Kwa swichi ya kawaida hiyo ni sawa kabisa. Lakini swichi nyingi zenye akili zina mtambo mdogo ndani yake ambao lazima ule umeme hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro haufanyi kazi. Mtu asiyelijua hilo hununua swichi kwa bei kubwa, kisha huvunja ukuta aliokwisha kuupaka rangi.

Tukakubaliana hivi. Nyutro ishuke kwenye kila swichi, na maboksi yawe ya kina. Waya wa ethi uangaliwe upya. Mabomba ya ziada yalazwe ukutani yakiwa matupu, yamepitishwa uzi, ili siku za mbele waya mpya uvutwe bila kubomoa. Kila ukuta upigwe picha kabla ya lipu, kwa maana lipu ikishakauka hakuna anayekumbuka bomba limepita wapi. Njia ya msalani iwekwe taa ndogo za chini zinazojiwasha mtu akipita gizani, bila simu na bila intaneti, zikiwa na betri yake, maana umeme hukatika. Chumbani kwa mama pawe na swichi mbili za taa moja, ya mlangoni na ya kitandani, kama zile za ngazi za maghorofa. Huo ni ufundi wa zamani, na kwa mama una akili kuliko simu.

Mdogo wangu akauliza, na vya kwake je? Tukampa ukumbi na taa ya nje. Huko aweke balbu anazozitaka na azichezee kwa simu akiwa Dar es Salaam, kwa sharti moja, kwamba swichi ya ukutani ibaki na neno la mwisho. Akakubali, ingawa alinung'unika kidogo.

Sikuambii, ndugu msikilizaji, kwamba uvikatae vitu vipya. Aliyekulia kwenye koroboi hawezi kuwa adui wa balbu. Ninalokuomba ni kwamba, kama unajenga au unakarabati, kwa ajili yako au kwa ajili ya wazee wako kijijini, usianzie dukani. Anza na yule atakayeamka usiku, umuulize mkono wake unakwenda wapi, na umuulize kabla ya lipu.

Juzi nilipiga simu Maramba kumjulia hali mama. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kuhusu taa. Akanijibu: "Nimeiwasha, nimeizima, nimeiwasha tena. Hakuna niliyemuomba."

Hadi juma lijalo, nakutakia usiku mwema.