Mjumbe Hauawi: Kalamu na Amani katika Nchi ya Wayoruba



Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Huenda uliikariri methali hii darasani bila kuuliza ilitokana na haja gani. Haja yenyewe ni hii: majirani wakishika silaha, hubaki njia moja tu baina yao, nayo ni mtu anayeruhusiwa kupita huku na huku akiwa amebeba maneno. Akiuawa huyo, vita hukosa mlango wa kutokea.

Leo nakualika tuvuke bara letu hadi upande wa magharibi, katika nchi ya Wayoruba, tumtazame mjumbe mmoja ambaye pia alikuwa mwalimu, mchungaji na mwandishi wa historia. Kisa chake kitatusaidia kulijibu swali linalomhusu kila raia mwenye majirani: je, fahari ya watu juu ya lugha na maandishi yao huwasogeza karibu na wenzao, au huwatenga?

Watu wengi, jina moja

Wayoruba wa leo wanaishi hasa kusini-magharibi mwa Nijeria, na wengine wako Benin na Togo. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19 uliupitia ufalme wa kale wa Ketu, na mji wenyewe wa Ketu ukabaki upande wa Benin. Lakini usidhani kwamba kabla ya mpaka huo Wayoruba walikuwa dola moja. Palikuwa na Oyo, Ife, Egba, Ijebu, Ijesha, Ekiti, Ondo na wengineo. Wengi wao walisimulia kwamba asili ya wafalme wao ni mji wa Ile-Ife na mzee wao Oduduwa; hata hivyo, kila mmoja alikuwa na mfalme wake, soko lake na lafudhi yake. Hata jina "Yoruba" hapo zamani liliwahusu zaidi watu wa Oyo. Mjesha angekwambia kuwa yeye ni Mjesha, na hapo maelezo yangekuwa yamekwisha.

Mwanzoni mwa karne ya 19 dola kubwa ya Oyo ilianguka. Miji ilichomwa, watu wakakimbia, na mateka wakauzwa kwa wafanyabiashara wa utumwa waliowavusha bahari hadi Brazili na Kuba. Miongoni mwa waliotekwa alikuwamo kijana wa mji wa Osogun aliyeitwa Ajayi. Alitekwa mwaka 1821, akauzwa mara kadhaa, mwisho akapakiwa katika meli ya Kireno. Mwaka 1822 wanamaji wa Uingereza waliikamata meli hiyo, wakawaacha huru mateka katika mji wa Freetown, Sierra Leone. Kijana huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kufanywa askofu wa Kianglikana, mwaka 1864.

Huko Freetown lilitokea jambo la kuzingatiwa. Watu wa Oyo, Egba na Ijesha, ambao nyumbani walikuwa wakipigana, sasa waliishi mtaa mmoja, wote wakiwa wageni. Wenyeji waliwapa jina la pamoja, "Aku", kwa sababu salamu zao nyingi zilikuwa na sauti hiyo. Tazama basi: majirani waliogombana kwao walitambuliwa ugenini kuwa watu wamoja kwa namna walivyosalimiana.

Crowther alichapisha msamiati wa Kiyoruba mwaka 1843. Mwaka 1846 alifika Abeokuta, mji wa Waegba, na huko akakutana tena na mama yake baada ya miaka 25 ya kutengana. Aliongoza kazi ya kuitafsiri Biblia, ambayo ilikamilika mwaka 1884. Katika mji huohuo wa Abeokuta, mwaka 1859, mmisionari Mwingereza Henry Townsend alianzisha gazeti la Kiyoruba, *Iwe Irohin*. Mwaka 1875 wataalamu walikutana Lagos ili kuafikiana juu ya namna ya kuiandika lugha hiyo. Hivyo kwa muda usiofikia miaka hamsini, lugha iliyokuwa ya mdomo ikawa na msamiati wa kuchapwa, gazeti na kanuni za tahajia.

Vita vya Kiriji

Hapa ndipo historia inapotushangaza. Wakati uleule lugha ilipokuwa ikiunganishwa kwenye karatasi, wenye lugha walikuwa wakiuana mashambani.

Baada ya Oyo kuanguka, uliinuka mji wa Ibadan, ulioanza kama kambi ya wapiganaji. Ibadan iliwazuia maadui wa kaskazini, na kwa hilo wengi waliishukuru. Lakini mlinzi aligeuka bwana. Iliitiisha miji ya Ekiti na Ijesha, ikaweka humo mawakala walioitwa *ajele*, nao wakadai kodi, chakula na utumishi kwa ukali. Mwaka 1877 Ibadan iligombana na Waegba na Waijebu juu ya njia za biashara za kwenda pwani. Mwaka uliofuata Waekiti waliwaua mawakala hao, wakaungana na Waijesha katika muungano uitwao Ekiti Parapo. Vita vikawaka pande zote.

Majeshi mawili yalipiga kambi yakitazamana katika nchi ya vilima, moja upande wa Igbajo na jingine upande wa Imesi-Ile. Jina "Kiriji" lenyewe, husemwa, ni mwigo wa mngurumo wa silaha uliorudishwa na vilima hivyo. Miaka ilipita. Askari walijenga nyumba, wakalima mashamba, wakaoa na kuzaa, hata kambi zikawa miji. Latosa, kiongozi wa Ibadan, alifia kambini mwaka 1885 bila kuuona mwisho wa vita alivyoviongoza. Kila upande ulikuwa umechoka, lakini hakuna aliyetaka kuonekana kuwa wa kwanza kuomba suluhu.

Mwanafunzi wa Kiswahili, lishike neno hilo, *suluhu*. Suluhu si ushindi, wala si kushindwa. Ni mapatano yanayomwezesha kila mmoja kurudi nyumbani akiwa na heshima yake. Ndiyo maana suluhu ni ngumu kuliko ushindi: ushindi huhitaji nguvu ya upande mmoja, suluhu huhitaji ukubali wa pande mbili.

Mtu wa kati

Samuel Johnson alizaliwa Sierra Leone mwaka 1846, katika familia yenye asili ya Oyo iliyokuwa imeokolewa kutoka utumwani. Akiwa mtoto alihamia Ibadan pamoja na wazazi wake, akasoma, akawa mwalimu wa shule, kisha mchungaji. Mwaka 1881 Alaafin Adeyemi, mfalme wa Oyo, alimtuma kwenda Lagos na barua ya kumwomba gavana Mwingereza asaidie kuleta amani. Safari hiyo ya kwanza haikuzaa matunda. Miaka mitano baadaye gavana mwingine, Alfred Moloney, aliwatuma wachungaji wawili, Johnson na mwenzake Charles Phillips, waende kwa wakuu wa pande mbili wakatafute masharti ambayo wote wangeyakubali.

Fikiria kazi hiyo. Barua iliyoandikwa kwa Kiingereza ilipaswa kuelezwa kwa Kiyoruba mbele ya wazee wenye hasira, na maneno yao yarudishwe kwa Kiingereza bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi. Neno moja likikosewa, damu ingemwagika. Mjumbe wa namna hiyo hahitaji ujasiri tu; anahitaji kuijua lugha hadi mizizi yake, ajue lipi ni ombi na lipi ni amri, lipi ni heshima na lipi ni tusi lililovikwa heshima.

Tarehe 23 Septemba 1886 mkataba ulikubaliwa. Ibadan ilikiri kwamba Waekiti na Waijesha ni huru, na kambi zikavunjwa. Ni lazima tuseme ukweli wote: Waingereza hawakufanya hayo kwa upendo mtupu. Walitaka njia za biashara zifunguke, na baada ya miaka michache utawala wao ulifika kulekule ambako mkataba ulikuwa umefungua njia. Baina ya Ibadan na Ilorin mapigano yaliendelea hadi 1893. Hata hivyo, waliorudi mashambani mwaka 1886 walirudi wakiwa hai, na hilo si jambo dogo.

Kitabu kilichokataa kufa

Johnson alihuzunishwa na jambo moja. Aliona kwamba wasomi wa wakati wake waliijua historia ya Uingereza, ya Roma na ya Ugiriki, lakini ya kwao hawakuijua. Basi akakusanya masimulizi ya wazee na kumbukumbu za vita alivyoviona, akaandika kitabu kikubwa, akakimaliza mwaka 1897. Mswada ulipelekwa Uingereza, ukapotea. Johnson alifariki mwaka 1901 bila kukiona kitabu chake.

Mdogo wake, daktari Obadiah Johnson, aliyachukua madokezo ya marehemu, akakiandika upya. Mwaka 1916 alipoutuma mswada huo wa pili, meli iliyoubeba ilikamatwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ikapelekwa Marekani. Safari hii karatasi zilisalimika, nazo zikafika kwa wachapaji baada ya kuchelewa sana. Obadiah naye alifariki mwaka 1920. Mwaka uliofuata, 1921, *The History of the Yorubas* kilitoka kiwandani. Ndugu wawili walikitumikia kitabu hicho, na hakuna hata mmoja aliyekishika mkononi.

Jina la kitabu hicho lina maana kubwa. Johnson hakuandika historia ya Oyo peke yake. Aliwaita wote Wayoruba, walioshinda na walioshindwa, na makosa ya Ibadan, mji aliokulia, hakuyafunika. Humo msomaji Muekiti angeweza kusoma juu ya ukatili wa mawakala, na msomaji wa Ibadan angeweza kusoma jambo hilohilo bila kusema kwamba limetungwa na adui.

Fahari na kasoro yake

Lakini, mpenzi msomaji, tusimpambe mtu kupita kiasi. Wasomi wengi wameonyesha kwamba Johnson aliitazama nchi nzima kutoka dirisha la Oyo. Kiyoruba sanifu nacho kiliegemea zaidi usemi wa Oyo, ingawa kilichanganyika na semi nyingine; mtoto wa Ekiti au wa Ijebu alilazimika kujifunza shuleni namna ya kusema ambayo siyo ya bibi yake. Lugha ya pamoja ni daraja, lakini daraja nalo lina upande lilikoanzia kujengwa. Anayelipita kutoka ng'ambo ya pili anastahili kuambiwa kwamba usemi wake si makosa.

Tena maandishi peke yake hayatoshi. Mkataba wa 1886 ulilitaja pia suala la Modakeke, makazi ya wakimbizi wa Oyo yaliyo ubavuni mwa mji wa Ife. Iliandikwa kwamba wahamishwe. Suala hilo halikupata ufumbuzi wa kudumu. Mapigano baina ya Ife na Modakeke yalizuka tena mwaka 1981, na tena kuanzia 1997 hadi 2000, yakagharimu maisha ya watu wengi. Waliopigana walisema lugha moja na kusoma vitabu vilevile, na Ife ni mji wenye chuo kikuu mashuhuri. Kilichopungua hakikuwa lugha wala elimu. Ardhi, kodi na heshima ni mambo ambayo kila kizazi hulazimika kuyazungumza upya, na mkataba uliowekwa kabatini hauzungumzi.

Mjumbe wa karne nyingine

Mwaka 1934, katika mji wa Abeokuta, alizaliwa Wole Soyinka. Yeye ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza riwaya mashuhuri ya Kiyoruba ya D. O. Fagunwa iliyotoka mwaka 1938, ili majirani wasiojua Kiyoruba nao waonje ladha yake. Mwaka 1967, vita vya Biafra vilipokwisha kuanza, Soyinka alivuka kwenda mashariki, kwa Waigbo, akaonane na kiongozi wao Ojukwu kutafuta njia ya kusimamisha mapigano. Serikali ya Nijeria ilimkamata, ikamweka kifungoni hadi 1969 bila kuhukumiwa na mahakama. Mjumbe hakuuawa, lakini aliadhibiwa.

Mwaka 1986, miaka mia moja kamili baada ya mkataba wa Kiriji, mtu huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Nawe unayejifunza Kiswahili ujue jambo moja zaidi: Soyinka, pamoja na fahari yake yote ya Kiyoruba, alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kuwaunganisha Waafrika wote. Hakupendekeza lugha ya mama yake. Anayejiamini kwa chake haoni haya kukisifu cha jirani.

Basi jibu la swali letu ni hili. Fahari ya maandishi hutenganisha inapotumika kuhesabu nani ni mkubwa. Huunganisha inapomfundisha mtu kuyabeba maneno ya mwenzake kwa uaminifu, pamoja na yale yanayomuumiza yeye mwenyewe. Johnson alifanya hivyo kwa miguu kabla ya kufanya hivyo kwa kalamu.

Kabla hujaufunga ukurasa huu, nakuachia maswali mawili ya kutafakari. Je, unaweza kumweleza jirani wa kabila au nchi yako kwa maneno ambayo yeye mwenyewe, akiyasikia, angekiri kwamba ni ya haki? Na kama huwezi, utaanza kumsikiliza lini?